Asili ya Leseni ya Fundi wa Umeme

Leo tutajifunza kwa nini fundi wa umeme hutakiwa kuwa na leseni.

Mwaka 1882 taa za umeme zilikuwa bado ngeni katika nyumba za Uingereza. Waya mwembamba ukipitishwa umeme mwingi hupata joto, hata huweza kuunguza nyumba. Basi mwaka ule chama cha mainjinia wa simu na umeme, mjini London, kilitoa kanuni za kuzuia moto. Kilieleza kwamba hatari kubwa hutokana na ujinga wa wafungaji. Tena kasoro za umeme hazionekani kwa macho, hujulikana kwa kupimwa.

Ndivyo ilivyo hata leo. Waya ukishafichwa ukutani, mwenye nyumba hawezi kuukagua. Leseni ndiyo humhakikishia ujuzi wa fundi. Nchini Tanzania hutolewa na EWURA. Kabla ya kupatana bei, mwambie fundi akuonyeshe leseni yake. Rahisi ni ghali.