Unga wa Mpakani

Mtu akiambiwa hospitali ya Kocholia kwamba ana sukari, haichukui siku nyingi kabla hajaja dukani kwangu hapa Malaba kuulizia unga wa wimbi. Nampimia, lakini simwachi aondoke akidhani amenunua dawa. Wimbi ni chakula cha kwao. Wateso na Wasamia walikishibia kabla ya Malaba kuwa mji.

Nyanya yangu, mzaliwa wa Amukura, alisaga kwa jiwe. Jiwe la chini lilikuwa pana, limelika katikati, na la mkononi lilimtosha viganja viwili. Muhogo mkavu aliutwanga kwanza kwenye kinu, kisha akausaga pamoja na mtama na wimbi. Unga ulitoka na chenga, maganda yote yamo ndani. Atap yake, ndio ugali wa Wateso, ilikuwa nyeusi na nzito. Tonge moja lilitafunwa kweli. Mezani palikuwa na kunde zilizoungwa kwa simsim, mrenda, na omena kutoka Sio Port au Port Victoria. Ugali haukuliwa peke yake, na mboga ndiyo iliyojaza sahani. Hilo la mboga nalitilia mkazo kuliko hata wimbi lenyewe.

Mahindi yalienea na serikali ya Waingereza. Reli ilifika Kisumu 1901, na mwaka uliofuata Waingereza wakautoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia upande huu, Kenya ya leo. Ndipo Wateso wakajikuta wako nchi mbili. John Ainsworth, aliyeshika jimbo la Nyanza kuanzia 1907, alihimiza kilimo cha mahindi. Wakulima waliyakubali kwa sababu zao. Wimbi na mtama huliwa na ndege, na wa kuwafukuza walikuwa watoto. Watoto walipopelekwa shule, shamba lilibaki bila mlinzi. Hindi hujifunika lenyewe. Kibarua naye alipewa posho ya unga wa mahindi, akauzoea. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale wakatoa mbegu chotara ya H611, na mavuno yakaongezeka. Kisha viwanda vikaleta unga uliokobolewa, ganda na kiini vimeondolewa, mweupe pepepe. Mgeni akapikiwa mweupe, na mweusi ukaonekana chakula cha wasio na kitu. Naona hapo ndipo tulipopotezwa.

Sukari ina historia yake hapa. Idi Amin wa Uganda alipowafukuza Waasia mwaka 1972, viwanda vya Kakira na Lugazi vilidorora, na upande wetu Mumias ikaanza kusaga miwa 1973. Kilo ya sukari ikawa mali ya magendo pamoja na chumvi na sabuni. Waendesha baiskeli wa boda boda, waliokuwa wakivusha watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, walivusha na mizigo. Nyumba iliyokuwa na sukari iliikoroga kwenye chai bila kipimo, maana kuwa nayo ilikuwa heshima. Kiasi hicho cha sukari hakijapungua hadi leo.

Sasa wimbi limerudi likiwa kwenye pakiti, kwa bei inayopita ya mahindi. Mteja wangu namfundisha kugeuza pakiti asome nyuma. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi. Unga wa uji ukianza na mahindi, wimbi likafuata mbali na sukari ikawemo, huo si wake. Hata wimbi tupu lina wanga unaokaribiana na wa mahindi, na muhogo ni wanga karibu wote. Wimbi likisagwa laini sana na kupikwa uji mwepesi, sukari hupanda mbio mwilini. Anayeweza huwa namwelekeza anunue wimbi kwa gorogoro sokoni, alipeleke kwenye kisiagi, amwombe mwenye mashine atumie chekecheo ya matundu makubwa. Halafu ale tonge dogo na mboga nyingi.

Madereva wa malori ndio wanaonisumbua moyo. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kifunguliwe, foleni zilipungua, lakini mwaka 2020, wakati wa vipimo vya korona, malori yalipanga foleni ya kilomita nyingi kuelekea Bungoma, na kilichouzwa kando ya barabara kilikuwa chapati, mandazi na soda.

"Mama, nipe cha kula garini. Daktari amenikataza mkate mweupe," huniambia.

"Chukua mayai haya ya kuchemsha, baba, na njugu. Haya maziwa lala hayajatiwa sukari, lakini ile yoghati iache."

Anayejidunga insulini namuuliza kama amekula, kwa sababu akisubiri foleni na tumbo tupu sukari yake inaweza kushuka ghafla, na hilo linaweza kuua. Huyo namfungia na glukosi ya pakiti, aiweke karibu na usukani, aitumie akianza kutetemeka na kutoka jasho.

Wenye viwanda nawaomba jambo moja. Wanaoandika WIMBI kwa herufi kubwa mbele ya pakiti waandike papo hapo ni asilimia ngapi, kwa maandishi ambayo mzee wa miaka sabini atayasoma bila kuniomba miwani.