Mwezi wa Rajabu: Matukio Yake na Mafunzo Yake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeijaalia miezi kuwa kumi na miwili, na minne katika hiyo akaifanya mitukufu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake wote. Amma baad.

Enyi ndugu Waislamu, na wapenzi wasikilizaji mlioko majumbani na vyuoni. Mwezi wa Rajabu unapoandama, wengi wetu hukithirisha ibada, na usiku wa kuamkia tarehe 27 husomwa kisa cha Isra na Miraji, ingawa wanazuoni wamekhitilafiana juu ya tarehe yake hasa. Kisa hicho tumekisikia tangu utotoni. Leo twapenda kuyatazama matukio mengine ya mwezi huu, ambayo husomwa kwa nadra. Yote yanatuuliza swali moja: mwenye nguvu hufanya nini anapomkuta mnyonge mbele yake?

Rajabu ni mwezi wa saba katika hesabu ya Hijriya. Miezi mitukufu mitatu hufuatana, nayo ni Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu na Mfunguo Nne. Rajabu umesimama peke yake. Katika khutba yake ya kuaga, mwaka wa 10 Hijriya, Mtume (s.a.w.) aliutaja kuwa ni Rajabu ya Mudhar, ulio baina ya Jumada na Shaabani, kwa kuwa kabila la Mudhar ndilo lililoushika sana. Waarabu, hata kabla ya Uislamu, walikuwa wakiweka silaha chini ndani yake. Mtu aliweza kukutana na muuaji wa baba yake asimguse. Waliuita mwezi kiziwi, kwa sababu mlio wa panga haukusikika. Msafiri alisafiri, na mfanya biashara akapitisha mizigo yake bila ya hofu.

Lakini wako waliouona utukufu wa miezi hiyo kuwa ni kizuizi cha matakwa yao. Walipotaka vita, waliuahirisha mwezi mtukufu: wakatangaza kuwa mwaka huu si huu, ni ule unaofuata. Qurani Tukufu imelikemea jambo hilo katika Suratut Tawba, aya ya 37, na aya inayotangulia imetukataza kuzidhulumu nafsi zetu katika miezi hiyo. Tuliweke moyoni neno hili la kuahirisha, kwani tutalirudia.

Tukio la kwanza ni la mwaka wa 5 tangu Mtume (s.a.w.) kupewa utume, sawa na mwaka 615 Miladiya. Makureshi walikuwa wamezidisha mateso juu ya Waislamu wa Makka, hasa wale wasiokuwa na ukoo wa kuwatetea. Mtume (s.a.w.) akawaelekeza masahaba wake wavuke bahari kwenda Habasha, katika bara hili letu la Afrika, kwa mfalme ambaye katika nchi yake hadhulumiwi mtu. Katika mwezi wa Rajabu wakatoka kwa siri watu wapatao kumi na watano, wanne kati yao wakiwa wanawake. Miongoni mwao walikuwamo Uthman bin Affan na mkewe Ruqayya, binti wa Mtume (s.a.w.), Zubeir bin Awwam, Abdulrahman bin Auf, Mus'ab bin Umeir, na Abu Salama pamoja na mkewe Ummu Salama (r.a.). Walifika bandari ya Shuayba, wakakuta majahazi mawili ya wafanya biashara, wakapanda kwa nauli ya nusu dinari. Makureshi waliwafuatia hadi ufukweni, wakakuta vyombo vimekwisha ondoka.

Baadaye likafuata kundi kubwa zaidi, wanaume waliozidi themanini pamoja na wake na watoto. Makureshi wakawatuma Amr bin al-As na Abdullah bin Abi Rabia, wakiwa wamechukua zawadi kwa ajili ya Najashi na makasisi wake, ili wakimbizi warudishwe. Najashi alikuwa Mkristo, na wageni wale hawakuwa wa dini yake wala wa kabila lake. Hata hivyo alikataa kuwatoa kabla ya kuwasikiliza. Jaafar bin Abi Talib (r.a.) akasimama, akaeleza walivyokuwa katika ujahili na walivyoongoka, kisha akasoma mwanzo wa Suratu Maryam. Mfalme akalia, na zawadi za Makureshi zikarudishwa. Waswahili husema, mwenye nguvu mpishe. Najashi alikuwa na nguvu zote mkononi, naye akachagua kuwapisha wanyonge.

Tukio la pili ni zito zaidi, kwa kuwa lilitokea kwa mikono ya Waislamu wenyewe. Katika mwaka wa 2 Hijriya, sawa na 624 Miladiya, Mtume (s.a.w.) alimpeleka Abdullah bin Jahsh (r.a.) pamoja na wenziwe wachache, akampa barua asiifungue mpaka baada ya mwendo wa siku mbili. Barua ilimwamuru afike Nakhla, baina ya Makka na Taif, awapeleleze Makureshi na kuleta habari zao. Walipokuwa huko ukapita msafara wa Makureshi uliobeba zabibu kavu na ngozi. Ilikuwa siku ya mwisho ya Rajabu. Wakashauriana: wakiwaacha usiku huo, msafara utaingia katika eneo takatifu la Makka, wakiwashambulia, watauvunja mwezi mtukufu. Mwishowe wakashambulia. Amr bin al-Hadhrami akauawa kwa mshale, wawili wakatekwa, na mali ikachukuliwa.

Mtume (s.a.w.) hakuwapongeza. Aliwaambia kuwa hakuwaamuru kupigana katika mwezi mtukufu, akakataa kupokea chochote katika ngawira ile. Makureshi nao wakapata la kusema, wakatangaza kwamba Muhammad ameihalalisha miezi mitukufu. Ndipo ikateremka aya ya 217 ya Suratul Baqara. Aya hii haikusema kwamba jambo lile ni dogo. Ilikiri kuwa kupigana katika mwezi huo ni kosa kubwa. Kisha ikawageuzia Makureshi kioo: kuwazuia watu na njia ya Mwenyezi Mungu, na kuwatoa watu wa Msikiti Mtakatifu majumbani mwao, ni kukubwa zaidi. Hapa pana mizani ya haki kwa pande zote mbili. Muislamu haruhusiwi kulifunika kosa la mwenziwe kwa kuwa ni mwenziwe, wala dhalimu haruhusiwi kujificha nyuma ya utukufu wa mwezi.

Miaka saba ikapita. Katika Rajabu ya mwaka wa 9 Hijriya, sawa na 630 Miladiya, zilipofika habari kwamba Warumi wanakusanya majeshi upande wa Sham, Mtume (s.a.w.) alitoka kuelekea Tabuk katika joto kali na uhaba wa vipando, na jeshi lake limekadiriwa kuwa watu 30,000. Walipofika hawakukuta adui. Jeshi kubwa namna hiyo, katika nchi isiyokuwa na wa kulizuia, lingeweza kuwapokonya watu wa pembezoni mali zao. Badala yake zilifanywa sulhu. Yuhanna bin Ru'ba, mkuu wa Ayla, mji ambao leo ni Aqaba, alikubali kutoa jizya, akaandikiwa hati ya amani kwa watu wake, majahazi yao na misafara yao, nchi kavu na baharini. Basi katika Rajabu moja Waislamu walikuwa wakimbizi wanaovuka bahari wakiomba hifadhi ya mfalme Mkristo. Na katika safari iliyoanza Rajabu nyingine, wao ndio waliowapa Wakristo amani ya bahari.

Na katika mwaka huohuo wa 9, wanahistoria kadha wakiutaja mwezi huohuo wa Rajabu, Najashi alifariki dunia. Mtume (s.a.w.) akawapa masahaba habari ya kifo chake, akawapanga safu, akamsalia sala ya maiti kwa takbira nne, hali mwili wake uko ng'ambo ya bahari. Wema aliotendewa mnyonge haukusahauliwa.

Tukio la mwisho tulitakalo ni la Baitul Muqaddas. Mwezi wa Julai mwaka 1099 Miladiya, wapiganaji wa Msalaba waliuteka mji huo, wakawaua kwa wingi Waislamu na Mayahudi waliokuwamo. Miaka 88 baadaye, siku ya Ijumaa tarehe 27 Rajabu mwaka 583 Hijriya, sawa na tarehe 2 Oktoba 1187, mji ulisalimu amri kwa Sultani Swalahuddin. Wengi walitazamia kisasi. Lakini baada ya mashauri na Balian wa Ibelin, aliyewaongoza waliozingirwa, ilikubaliwa watu wajikomboe, mwanamume kwa dinari 10 na mwanamke kwa dinari 5, wapewe na ulinzi watokapo. Al-Adil, nduguye Sultani, aliomba apewe watu 1,000 katika wasiokuwa na fidia, akawaacha huru, na Sultani mwenyewe akawasamehe wazee wengi mafakiri. Walibaki maelfu waliokosa fidia wakachukuliwa mateka. Historia haitufichi hilo. Lakini mauaji ya 1099 hayakulipwa kwa mauaji.

Ndugu Waislamu, sisi hatuna majeshi wala misafara. Lakini hakuna hata mmoja wetu asiyekuwa na mtu aliye chini ya mkono wake. Yuko mtumishi wa nyumbani angojeaye mshahara wake. Yuko yatima ambaye shamba la marehemu babaye limo mikononi mwa ami yake. Yuko mpangaji, yuko mwanafunzi, yuko mke. Na dhuluma yetu kwa hawa mara nyingi haiji kwa upanga. Huja kwa neno jepesi: tutakupa mwezi ujao. Mwezi ujao ukifika, nao husogezwa mbele. Je, hii si ile desturi ya kale ya kuahirisha, ambayo Qurani imeikemea? Wale waliusogeza mwezi ili wapate kupigana, na sisi twaisogeza haki ili tupate kuila.

Basi atakaye kuutukuza mwezi wa Rajabu, na afunge akipenda, na asali. Lakini kabla jua la leo halijatua, na aangalie ni haki ya nani iliyolala nyumbani mwake, amrudishie mwenyewe.

Ewe Mola wetu, izuie mikono yetu isidhulumu, utubarikie mwezi wa Rajabu na Shaabani, na utufikishe Ramadhani hali ya kuwa hakuna mnyonge anayetushitaki kwako. Amin. Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.