Makatekista wa Kilombero Waliosahauliwa Katika Shukrani

Mwaka 2021 ulitimiza miaka mia moja tangu Wakapuchini wa Uswisi wafike Tanganyika, na Ifakara na Mahenge ni kati ya sehemu walizozitumikia kwa muda mrefu zaidi. Jubilei za Kanisa zina mpangilio wake wa shukrani uliozoeleka: anashukuriwa Mungu, anafuata mmisionari, kisha wafadhili wa ng'ambo, na waamini wenyewe wanatajwa mwishoni kama waliopokea. Mpangilio huo haulingani na yaliyotokea katika bonde la Kilombero. Ukristo wa hapa ulivuka kipindi chake kigumu kuliko vyote wakati aliyekuwa akitoa hayupo, na waliouvusha ni makatekista na waamini wa vigangoni. Shukrani isiyowafikia hao imekosa nusu ya historia, na imani ya bonde hili itaendelea kuelezwa vibaya mpaka nusu hiyo irudishwe mahali pake.

Miaka ya mwanzo inajulikana vya kutosha. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien walifungua misheni ya Kwiro, karibu na boma la Mahenge, mwaka 1902, na kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia walikuwa wameteremka hadi Ifakara. Kati ya hapo ikaja vita ya Maji Maji. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji walilishambulia boma la Mahenge na kukatwa na bombomu za Wajerumani. Mwezi huohuo Askofu Mbenediktini Cassian Spiss na wenzake waliuawa wakiwa safarini kusini, upande wa Liwale. Wajerumani wakachoma mashamba, kisha ikafuata njaa. Mtu wa Kilombero aliyeusikia Ukristo miaka hiyo aliusikia kutoka kwa watu wa taifa lilelile lililochoma mashamba, na hakuwa na sababu ya wazi ya kumshukuru mtu yeyote.

Hapa ndipo unapotokea ubishi ninaotaka kuujibu. Mwanaanthropolojia Maia Green, aliyefanya utafiti kwa Wapogoro wa Ulanga, upande wa Mahenge, kuelekea mwaka 1990 na kuandika kitabu kilichotoka 2003, anaonyesha jinsi misheni ilivyojenga uhusiano na watu kwa vitu: nguo, dawa, shule, kazi. Kanisa likawa mfadhili, na muumini akawa mtu anayetegemea kupewa. Anaonyesha pia kwamba Mkristo wa Ulanga hakuliacha tambiko. Shukrani kwa wazee waliotangulia, kwa unga na pombe, iliendelea sambamba na Misa. Wasomaji wengi wa utafiti wa aina hii huhitimisha kwamba imani ya namna hiyo ni nyepesi, kwamba aliyefuata kitambaa alifuata kitambaa tu. Ushahidi wa Green kuhusu vitu naukubali, kwa sababu kumbukumbu za misheni zenyewe zinaukiri. Hitimisho hilo ndilo ninalolikataa, na sababu yangu ni yaliyotokea vitu vilipokoma.

Vilikoma katika vita. Mwaka 1917 milima ya Mahenge ilikuwa mojawapo ya ngome za mwisho za Wajerumani katika koloni lao. Jeshi lao, lililokwisha kutengwa na pwani, lilikula nafaka za wakulima, na mizigo yake ilibebwa vichwani na vijana wa vijiji vilevile vilivyonyang'anywa chakula. Tarehe 9 Oktoba 1917 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Mahenge, na hayo nayo yalihitaji kula na kubebewa mizigo. Nyuma yao ukaja ugonjwa wa mafua wa 1918 na 1919, uliowakuta watu wakiwa wamedhoofika kwa njaa. Wabenediktini, kwa kuwa walikuwa Wajerumani, walikamatwa na hatimaye kurudishwa Ulaya, askofu wao Thomas Spreiter akiwa miongoni mwao. Hadi Wakapuchini walipokabidhiwa eneo hilo mwaka 1921, sehemu kubwa ya vikarieti ya Dar es Salaam, ambayo bonde hili lilikuwa ndani yake, ilikuwa karibu haina padri. Vigangoni hapakuwa na Misa, hapakuwa na kitubio wala mafuta ya wagonjwa, na bila shaka hapakuwa na nguo ya kugawa. Kilichokuwepo ni katekista kigangoni. Aliongoza sala Jumapili, aliwafundisha watoto katekisimu kwa kichwa, aliwazika wafu, na aliwabatiza waliokuwa katika hatari ya kufa, jambo ambalo Kanisa humruhusu muumini yeyote kulifanya. Wakapuchini walipowasili walikuta jumuiya zinazosali, wakajenga juu ya msingi huo.

Atasema mtu kwamba makatekista walikuwa waajiriwa wa misheni, kwa hiyo walilinda kazi yao. Ni kweli walilipwa kidogo kabla ya vita. Lakini tangu 1917 aliyewalipa alikuwa ameondoka, na hakuna aliyejua kama angerudi, yeye au mwingine badala yake. Kuendelea kuitwa mtu wa misheni wakati Wajerumani wameshindwa kulikuwa hatari kuliko faida. Kama Ukristo wa bonde hili ungekuwa biashara ya vitambaa, ungekufa miaka hiyo minne, maana ile ndiyo miaka ambayo haukuwa na cha kutoa isipokuwa sala.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa waamini wenyewe: kwamba kuhesabu hivi ni kuwakosea adabu wageni waliotoa maisha yao. Masista wa Baldegg waliwahudumia wagonjwa wa ukoma wa Ifakara wakati ambapo ndugu wa damu waliogopa kuwasogelea, na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ilikua kutokana na kazi yao hadi kufikia daraja la rufaa. Hakuna mwenye akili timamu atakayeyafuta hayo, na mimi sitaki yafutwe. Lakini Injili ya Luka ina kisa cha wakoma kumi walioponywa, akarudi mmoja tu kushukuru, naye alikuwa mgeni. Wale tisa hawakunyang'anywa afya yao. Ndiyo kusema shukrani ya Kikristo haikuwa bei ya uponyaji, wala haimfanyi aliyepona kuwa mdaiwa wa milele wa aliyemhudumia. Ikigeuzwa deni, inamnyima mgonjwa haki ya kuwa naye ni mtoaji. Na watu wa Kilombero walikuwa watoaji. Mwaka 1949 Profesa Rudolf Geigy wa Basel alifika Ifakara, na mwaka 1957 maabara ya Waswisi ikaanzishwa, mzizi wa taasisi inayoitwa leo Taasisi ya Afya Ifakara. Miaka ya 1990 mamia ya watoto wa kijiji cha Idete, katika bonde hilihili, waliingizwa katika majaribio ya chanjo ya malaria ya SPf66, na matokeo yakachapishwa mwaka 1994. Chanjo hiyo ilionyesha kinga ndogo na haikuendelezwa, lakini dunia ilijifunza kutokana na mikono ya watoto hao, wa Kikristo na wa Kiislamu, na kutokana na mama zao waliokubali. Katika jambo hilo Basel ndiyo inayopaswa kuishukuru Idete.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda haraka. Jimbo la Mahenge liliundwa 1964 chini ya Askofu Elias Mchonde, na mwaka 2012 Ifakara ikawa jimbo linalojitegemea. Mapadri wazalendo ni wengi, jumuiya ndogondogo ziko kila mtaa, na sadaka ya mavuno huletwa kanisani kwa magunia ya mpunga. Lakini historia inayosimuliwa katika vijitabu vya jubilei imebaki ileile ya maaskofu na majengo. Kumlaumu Mswisi kwa hilo hakusaidii. Uzembe ni wetu, kwa maana vitabu vya ubatizo viko maparokiani kwetu, na kila ukurasa wake unataja aliyebatiza na msimamizi wa ubatizo. Majina ya makatekista yamo humo. Lakini vitabu hivyo haviko salama: Mto Lumemo huingia mjini Ifakara kila mvua zinapozidi, na mchwa nao hawasubiri mafuriko. Majimbo ya Ifakara na Mahenge yana seminari, walimu na vijana wanaojua kutumia kamera ya simu. Waanze na kurasa za mwaka 1917 hadi 1921, zile zilizosalimika, wayaandike majina hayo, na yasomwe kwa sauti kwenye Misa ya mavuno katika kigango ambacho kila mmoja alikitumikia.