Spana Mbili za Nusu Inchi

Wahariri wa jarida hili waliponiomba makala ya historia, nadhani walitazamia habari za wakuu wa shule waliopita au za timu yetu ya mpira. Habari hizo wapo wenzangu wanaozijua kuliko mimi. Mimi nitaeleza habari za spana, tena spana za kawaida zenye mdomo wazi, zile ambazo kila fundi anazo na hakuna anayezitazama mara mbili. Atakayecheka na acheke. Nyumbani kwangu wamekwisha kuzoea.

Wale tuliokuwa pamoja kidato cha pili mwaka 1997 watakumbuka sanduku la bati lililokaa chini ya meza ya mwisho katika karakana, karibu na jiliwa bovu. Siku moja Mwalimu wa karakana alinituma spana ya nusu inchi ili afungue nati ya pampu ya maji. Nikafungua sanduku, nikaiona iliyoandikwa 1/2, nikampelekea mbio. Ikapwaya kwenye ile nati kama kofia ya mtu mzima kichwani mwa mtoto. Nikarudi sandukuni, nikapata nyingine, nayo imeandikwa 1/2 vilevile, lakini mdomo wake ulikuwa karibu nusu ya ule wa kwanza. Hiyo ikaingia barabara. Nikamwuliza Mwalimu: Kwani Wazungu wana nusu inchi ngapi? Darasa zima likaangua kicheko, naye akaniambia nishike taa vizuri. Swali hilo nililibeba mpaka Chuo Kikuu, ambako nilisoma historia, nikalibeba mpaka ofisini, na jibu lake nikalipata nikiwa baba wa watoto watatu.

Jibu lenyewe linaanzia Uingereza. Zamani kila karakana ya huko ilikata hesi za bolti zake kwa namna yake. Hesi, kwa wanafunzi ambao hawajaingia karakana, ni ile mifereji inayozunguka bolti na kukamata ndani ya nati. Bolti ya karakana moja haikuingia katika nati ya jirani, na mashine ikiharibika ilibidi arudiwe yuleyule aliyeitengeneza. Joseph Whitworth, aliyezaliwa Stockport mwaka 1803, alifanya kazi London katika karakana ya Henry Maudslay, kisha mwaka 1833 akafungua ya kwake Manchester. Alikusanya bolti kutoka karakana nyingi, akazipima, akatafuta wastani wake. Mwaka 1841 akatoa pendekezo mbele ya chama cha wahandisi huko London kwamba hesi zote ziwe na pembe ya nyuzi 55, na kila unene wa bolti uwe na idadi yake maalumu ya hesi kwa inchi. Makampuni ya reli yakalipokea pendekezo hilo, na kwa kuwa wakati huo Waingereza walikuwa wakiuza mashine pande nyingi za dunia, hesi ya Whitworth ikasafiri nazo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoponzwa. Mwingereza aliipa spana yake jina la bolti, si la nati. Spana iliyoandikwa 1/2 W ni ya kufungulia nati ya bolti yenye unene wa nusu inchi. Nati yenyewe, kutoka ubavu hadi ubavu, ina inchi 0.92, yaani milimita 23 na kidogo. Mmarekani alikwenda njia yake. Mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia alitangaza hesi ya nyuzi 60 yenye vilele bapa, ambayo ni rahisi zaidi kuikata na kuipima, na baadaye spana za kwao zikawa zinaandikwa upana wa nati yenyewe. Hivyo 1/2 ya Kimarekani ina mdomo wa nusu inchi kweli, milimita 12.7. Mwalimu hakukosea, nami sikukosea. Katika sanduku lile mlikuwa na mataifa mawili, kila moja na nusu inchi yake.

Waingereza wenyewe waliongeza mkorogo. Mwaka 1908 walitoa hesi nyingine, nyembamba zaidi, ambayo vichwa vya bolti zake vilikuwa vidogo kwa saizi moja. Halafu katika Vita Kuu ya Pili, ili kuokoa chuma, wakapunguza na vichwa vya Whitworth vilingane na hivyo. Ndiyo sababu mtu huokota spana yenye namba mbili kwenye mdomo mmoja, 1/4 W na 5/16 BS, akadhani aliyeigonga alikuwa amelewa.

Je, vitu hivi vilifikaje kwetu? Mtu angedhani kwamba Mjerumani, aliyeanza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ndiye aliyetuletea milimita. Hata mimi niliwahi kusema hivyo mbele ya watu, nikajiona msomi. Kumbe mkutano wa Zürich ulikubaliana juu ya hesi ya milimita mwaka 1898, lakini viwanda vingi vya Ujerumani viliendelea kutumia hesi ya Whitworth mpaka baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Bendera zilibadilika hapa kwetu kabla bolti hazijabadilika. Alipokuja Mwingereza, akazikoleza Whitworth zake katika reli, bandarini na kwenye magari ya serikali.

Mkorogo hasa ulikuja na mpango wa karanga. Wazee wa Kongwa, Urambo na Nachingwea wanaujua. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula, na serikali yake ikaamua kufyeka pori la Tanganyika ilime karanga. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Trekta mpya hazikupatikana, kwa hiyo wakanunua mabaki ya vita, mengine kutoka akiba za jeshi la Marekani huko Ufilipino, na vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa trekta na kiwanda cha Vickers, zikaitwa Shervick. Trekta nyingi zililala chini mwaka uleule wa kwanza. Mfikirie fundi wa pale: mkono wake wa kulia kuna mtambo wa Marekani, wa kushoto lori la Kiingereza, na nati zake hazikubali spana moja. Mwaka 1951 mpango ulifungwa, na pauni milioni 36 hivi zikawa zimepotea. Sisemi zilipotea kwa ajili ya spana; mvua ilikataa, ardhi ilikuwa ngumu, na waliopanga hawakuwauliza Wagogo. Lakini ninaposoma habari za karakana ile nawahurumia mafundi.

Wakubwa nao walikuwa wamechoka. Novemba 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana mjini Washington kutumia hesi moja, ya nyuzi 60 kama ya Sellers. Whitworth akawa ameshindwa nyumbani kwake. Hata hivyo Land Rover za mwanzo, zilizotoka mwaka huohuo wa 1948, zilikuja na bolti za Kiingereza, na zilizofuata zikawa na mchanganyiko wa zote mbili, jambo ambalo madereva wa serikali wa zamani hulisimulia kwa hasira mpaka leo. Kisha Wachina wakajenga reli ya TAZARA, mwaka 1970 hadi 1975, kwa vifaa vya milimita. Mwishoni zikaja gari za Kijapani. Leo mwanafunzi akiingia gereji yoyote atasikia spana zikiitwa kumi, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na saba. Hizo kumi na mbili na kumi na nne ni alama ya Mjapani. Mjerumani kwa bolti ya unene huohuo angetaka kumi na tatu na kumi na saba.

Mimi nilianza kukusanya spana hizi kwa sababu ya moja tu, ya marehemu babu yangu mzaa baba. Ni spana nzito yenye midomo miwili, aliyomwachia baba, na baba akaniachia mimi. Katika ukoo wetu kuna mabishano juu yake. Shangazi husema Babu aliipata Kongwa, kwenye karanga, ambako alikuwa msaidizi wa fundi. Baba mkubwa husema uongo mtupu, Babu hakufika Kongwa, alikuwa mtu wa reli Dodoma. Si mabishano ya mchezo. Babu hakuacha cheti wala picha ya ujana wake, na kazi yake ya kwanza ndiyo iliyomtoa kijijini. Sisi wote tuko hapa tulipo kwa sababu ya kazi hiyo.

Nilipoirithi ilikuwa imeliwa na kutu. Nikaazima grainda, nikaisugua mpaka ikang'aa kama sufuria mpya, nikaitundika sebuleni kwa fahari. Miezi michache baadaye, katika soko la Gerezani, nikaona spana ya aina ileile imegongwa herufi EAR&H. Nikasimama pale kama mtu aliyepigwa kofi. Herufi hizo ni za Reli na Bandari za Afrika Mashariki, shirika lililoundwa mwaka 1948 na kugawanywa mwaka 1969, na chombo chenye alama hiyo kinajieleza chenyewe kilikuwa cha nani na katika miaka gani. Vyombo vya jeshi la Kiingereza navyo huwa na alama ya mshale, mara nyingi pamoja na mwaka. Na spana ya Babu ilikuwa na herufi. Nilizihisi kwa kidole kabla ya kuwasha grainda. Nakumbuka moja ilikuwa R, au ilikuwa K. Kwa dakika kumi za kung'arisha nilifuta cheti pekee alichotuachia yule mzee.

Kilichobaki ni midomo. Niliipima kwa kalipa: mmoja inchi 0.82, mwingine 0.92, yaani 7/16 na 1/2 za Whitworth. Ingekuwa ya Kimarekani, Shangazi angeshinda. Kwa kuwa ni ya Kiingereza, Baba mkubwa anadai ameshinda yeye, lakini Kongwa nako kulikuwa na magari ya Kiingereza, na Shangazi hajakubali.

Tangu hapo sitii spana kwenye mashine. Anayetaka kujaribu afanye hivi. Aioshe kwa mafuta ya taa na brashi, aone kwanza kilichoandikwa. Kutu nyepesi itatoka kwa kulaza spana katika siki usiku mmoja, kisha kuisuuza kwa maji ya magadi ili ukali wa siki ufe, na kuikausha papo hapo. Kutu nzito ninaitoa kwa umeme wa chaja ya betri: ndoo ya plastiki yenye maji ya magadi, spana kwenye waya wa hasi, kipande cha chuma chakavu kwenye waya wa chanya, vyote viwili visigusane. Kutu hulegea, na herufi hujitokeza kama picha inayosafishwa. Kazi hii ifanyiwe nje, mbali na moto, kwa sababu hewa inayotoka huwaka, na chuma kile chakavu kisiwe cha aina isiyoshika kutu, maana kikiyeyuka hutoa sumu. Mwisho ni kuipaka mafuta ya injini, basi. Nyufa na mikwaruzo iachwe ilivyo.

Nieleze na jambo moja ambalo wengi hawalitambui. Mdomo wa spana hizi umelala upande, kwa kawaida nyuzi 15. Si kosa la mfua chuma. Nati yenye pembe sita hujirudia kila nyuzi 60. Lakini kwa kuwa mdomo umepinda, ukiigeuza spana juu chini unaikamata tena baada ya nyuzi 30 tu, na hapo unaweza kufanya kazi mahali ambapo mkono hauna nafasi. Nilisoma hesabu za pembe miaka minne katika shule hii bila kuambiwa kwamba jibu lake lilikuwa chini ya meza ya mwisho. Ile spana ya kurekebisha, ambayo mafundi wameipa jina nisiloweza kuliandika katika jarida la shule, haina adabu hii, na ndiyo inayoharibu nati nyingi.

Katika mkutano wetu wa mwaka jana nilipita karakana nikakuta inasafishwa. Nje palikuwa na lundo la vyuma chakavu likisubiri mizani, na juu ya lundo, sanduku letu la bati. Nilimwendea Mkuu wa Shule nikiwa na suti, mikono imejaa kutu, nikamwomba litolewe. Nashukuru alinisikiliza. Ndani mlikuwa na spana 31. Vijana wa kidato cha tatu wamezisafisha Jumamosi kadhaa kwa siki na magadi, na 19 zimekwisha kutundikwa ubaoni kwa mpangilio wa mataifa: za Whitworth juu, za Kimarekani katikati, za milimita chini. Tatu zina EAR&H. Moja ina mshale na mwaka 1943. Zile 1/2 mbili zilizonichekesha mbele ya darasa zimetundikwa jirani, kubwa na ndogo.

Kwenye safu ya juu kuna pengo moja, la 3/8 W. Vijana wamechora umbo lake ubaoni kwa chaki. Mwalimu wa sasa ananiambia daftari la zamani linaonyesha iliazimwa na mwanafunzi wa miaka yetu, ila jina halisomeki. Aliyenayo airudishe tu, kwa basi au kwa mkono. Hataulizwa lolote, ila tafadhali asiisugue.