Matuta ya Norfolk na Malisho ya Wote

Katika kufundisha historia ya ukabaila wa Ulaya, sisi wakufunzi tumekuwa na kosa moja la mazoea. Huanza na kabaila, hati zake na kodi zake, kisha tukamtaja mkulima kama mtu wa kunyonywa tu, asiyeamua lolote. Kosa hili si dogo. Anayefundisha hivyo anafuata, bila kujua, kumbukumbu za tabaka lile lile analolilaani, maana walioandika vitabu vya milki walikuwa makarani wa makabaila. Mkulima hakuacha maandishi, ila aliacha mitaro aliyoichimba.

Tuchukue jimbo la Norfolk, mashariki ya Uingereza. Mtu akitembea kando ya malisho ya zamani ya pale huona majani na vijituta visivyo na maana. Lakini jua likiwa chini, asubuhi au jioni, kila tuta hutupa kivuli, na aliye ndani ya ndege huona ramani nzima ya makazi. Hata penye shamba lililokwisha kulimwa alama hazipotei zote: mtaro uliofukiwa huhifadhi unyevu, na wakati wa ukame nafaka iliyo juu yake hubaki ya kijani na kurefuka kuliko ya jirani. Mwaka 1958 mwanahistoria Maurice Beresford na J. K. St Joseph, mpiga picha wa Chuo Kikuu cha Cambridge, walitoa kitabu kizima cha picha za namna hii. Picha za Jeshi la Anga la Uingereza za mwaka 1946 nazo zina thamani kubwa, kwani matuta mengi yalisawazishwa na matrekta baadaye.

Picha hizo zaonyesha nini? Viwanja vimepangana bega kwa bega, kila kimoja kimezungukwa na mtaro, mbele kikitazama malisho ya pamoja, nyuma kikipakana na mashamba. Pale Hales Green, ambako malisho yenyewe yamesalia, alama hizo zipo kandokando yake.

Jimbo hilo lina makanisa mengi yaliyosimama peke yake mashambani. Kwa muda mrefu watu walieleza kwamba tauni ya mwaka 1348 na 1349 iliua vijiji, yakabaki makanisa. Tauni iliua kweli, lakini maelezo hayo hayatoshi. Tangu miaka ya 1960 Peter Wade-Martins alitembea mashamba ya eneo la Launditch akiokota vigae vya vyungu. Penye kanisa vilikuwa vya kale zaidi. Penye ukingo wa malisho vilianzia karne ya 11 na ya 12. Yaani watu walikwisha kuhama zamani kabla ya tauni. Kijiji cha Longham kilihama mara mbili.

Sababu yake iko katika uzalishaji. Idadi ya watu iliongezeka, jembe likala pori, malisho yakawa haba. Bila ng'ombe wa kukokota plau na bila samadi, shamba halikuwa kitu. Mkulima akaisogeza nyumba yake mahali ambapo mifugo hutoka mlangoni na kuingia malishoni. Wala tusipambe mambo: haki ya kulisha mara nyingi ilifuata kiwanja, na asiye na kiwanja alibaki nyuma. Tena kabaila hakulala. Sheria ya Merton ya mwaka 1235 ilimruhusu kuzungushia ua sehemu ya malisho, mradi awaachie wapangaji wake huru kiasi cha kuwatosha. Ndugu msomaji ajiulize nani alikuwa akipima kutosha huko.

Mwaka 1549 wakulima wa Norfolk waliasi na kupiga kambi Mousehold Heath, penye malisho ya pamoja karibu na mji wa Norwich. Kiongozi wao, Robert Kett, alikuwa mtengeneza ngozi mwenye ardhi yake, na alibomoa ua zake mwenyewe kabla ya kujiunga nao. Wanafunzi huuliza mwenye mali aliwezaje kuwaongoza wanyonge. Ni swali zuri, na jibu la mkato halifai. Katika madai yao 29, mojawapo lilikuwa kwamba mabwana wa milki wasilishe mifugo yao katika malisho ya pamoja. Kwa hiyo adui hakuwa ua peke yake. Kundi kubwa la kondoo wa tajiri, likiingia katika ardhi ya wote, lilimfukuza maskini bila kujenga hata kipande cha uzio. Waasi walishindwa Agosti, na Kett alinyongwa tarehe 7 Desemba, 1549.

Kilichofuata kilifanywa kwa karatasi. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha zaidi ya sheria 5,200 za kuzungushia ardhi ua, zikigusa kama ekari milioni 6.8. Katika picha za angani kazi ya wapima ardhi hutambulika upesi: mistari yao imenyooka kama rula, ikipita juu ya malisho ambayo mpaka wake wa zamani ulipinda kufuata mitaro ya wakulima.