Kilemba cha Mwalimu: Shukurani katika Vyuo vya Pwani

Kila inapokaribia tarehe 5 Oktoba, ambayo tangu mwaka 1994 huadhimishwa kuwa Siku ya Walimu Duniani, hurudiwa dai kwamba watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawakuwa na utaratibu wao wa kumshukuru mwalimu, na kwamba alichopokea mwalimu wa chuo, yaani shule ya Kurani, kilikuwa ujira tu. Wanaolitoa hawaelekei kuwa wamefungua Desturi za Waswahili, kitabu kilichotokana na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo na kuchapishwa na Carl Velten huko Ujerumani mwaka 1903, ambamo chuo kinaelezwa kuwa sehemu ya malezi, pamoja na jando na ndoa, wala si duka la elimu.

Katika mazingira hayo mtoto alipohitimu, maana yake alipoisoma Kurani yote hadi mwisho, wazazi walifanya karamu na mwalimu akapewa kilemba, zawadi ya kukamilisha kazi, ambayo haikulazimika kuwa nguo ya kichwani. Kilemba hicho hicho kilimstahili fundi aliyemfunza kijana ufundi hadi akaweza kujitegemea. Wanaosisitiza ujira husahau kwamba madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, yanaruhusu malipo kwa kufundisha Kurani, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuyaficha chini ya jina la zawadi. Kilemba kilikuwa jambo la pili, lililotolewa mbele ya watu ili mji mzima ujue nani alimlea nani.

Mgogoro wenye uzito ulikuwa mwingine, juu ya kumshukuru mwalimu hata baada ya kifo chake. Huko Lamu, Habib Saleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija aliyefariki mwaka 1935, aliwafungulia elimu watu ambao waungwana wa mji waliwadharau, wakiwemo wenye asili ya utumwa, na hadi leo maulidi ya Msikiti wa Riyadha, aliouanzisha, huwakusanya watu kutoka mbali, ambao pia hulizuru kaburi lake. Wanamageuzi wa Mombasa, wakiongozwa na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), mwanzilishi wa gazeti la Al-Islah la mwaka 1932, walizishambulia bidaa, yaani mambo yaliyozushwa katika dini, na hofu yao kwamba sherehe huwafilisi maskini ilikuwa ya haki. Hata hivyo, ni vigumu kumlaumu mtu aliyekataliwa kila mlango akiendelea kulizuru kaburi la aliyemfungulia.



Cha kushangaza ni kwamba wanamageuzi nao walishukuru, ila kwa kalamu. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mpinzani mkali wa bidaa, alichapisha mwaka 1972 kitabu kuhusu baadhi ya wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki, akifuatilia nani alisoma kwa nani, ikiwemo silsila, yaani mnyororo wa elimu, inayomuunganisha Abdallah Bakathir na mwalimu wake Ahmad bin Sumayt, wote wawili waliofariki Zanzibar mwaka 1925. Na masharifu wa Lamu, ambao hakuafikiana na desturi zao, hakuwaacha nje ya kitabu hicho.