Kimo cha theluthi kuu

Fundi wa mitambo ya upepo katika Bahari ya Kaskazini huanza kazi kwa kuvuka kutoka kwenye boti hadi ngazi ya chuma iliyosimama wima juu ya maji. Nahodha hukandamiza omo, yenye kinga nene ya mpira, kwenye mabomba mawili yaliyo pembeni mwa ngazi, kisha huongeza nguvu za injini ili msuguano uishike boti. Wimbi likiushinda msuguano huo, boti huteleza ghafla. Aliyekwisha kuinua mguu anaweza kubanwa au kuanguka.

Ndiyo sababu boti nyingi za aina hiyo hazivushi watu mawimbi yakizidi takriban mita 1.5. Lakini mita hizo ni za wimbi lipi?

Si za wimbi moja. Kipimo kinachotumika, kinachoandikwa Hs, kilitokana na kazi ya Harald Sverdrup na Walter Munk, wanasayansi waliobashiri mawimbi ili majeshi ya Washirika yaweze kushuka pwani katika Vita vya Pili vya Dunia. Mawimbi ya kipindi fulani hupangwa kwa ukubwa, theluthi iliyo kubwa zaidi hutengwa, kisha hutafutwa wastani wake. Jibu hukaribiana na kimo ambacho baharia mzoefu angekadiria kwa macho.

Kiingereza hukipa kipimo hiki sifa ya “muhimu”. Tukiitafsiri neno kwa neno, msomaji hapati chochote. “Urefu wa wimbi” nao huchanganya, kwani katika fizikia ni umbali wa kilele hadi kilele. Napendekeza tuseme kimo cha theluthi kuu. “Kimo” hupima kutoka bondeni hadi kileleni. “Theluthi kuu” hutaja hesabu iliyofanyika, na hivyo huonya kwamba huu ni wastani, si kikomo. Kwa kimo cha theluthi kuu cha mita 1.5, saa chache tu zatosha kuleta wimbi moja linalokaribia mita 3.

Onyo hilo ndilo linaloongoza usalama. Nahodha huyasoma mawimbi yanayokuja na kungoja utulivu. Fundi, akiwa amevaa jaketi okozi na kufungwa kamba ya kuzuia kuanguka, havuki hadi aruhusiwe. Meli kubwa hutumia daraja linalojisawazisha, kama lile la Ampelmann lililobuniwa katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi: mitungi sita ya haidroli hufuta miyumbo ya meli, na watu huweza kuvuka hata kimo cha theluthi kuu kikipita mita 2.

Kwa hiyo miongozo ya kazi iandike namba mbili pamoja: kimo cha theluthi kuu, na wimbi kubwa linalotarajiwa. Anayevuka ana haki ya kuzijua zote mbili kabla hajaishika ngazi.